Kakupa, au Umemnyang'anya?

    

Mlima Meru umejifunika wingu tangu alfajiri. Baridi ya Julai ndiyo hii, na wauza kahawa wanafurahi. Sasa, Julai hii hii, tarehe 20, dunia inaadhimisha siku ya mchezo mmoja. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo mwaka 2019, kwa sababu tarehe kama hiyo mwaka 1924, mjini Paris, ndipo lilipoanzishwa shirikisho la dunia la mchezo huo, linaloitwa FIDE. Mchezo wenyewe ni sataranji. Vijana wa mjini wanauita chesi, na mimi leo nitatumia majina yote mawili, kila mtu achukue lake.

Kuna atakayesema, "Ah, huo ni mchezo wa Wazungu." Hebu tusikilize lugha yetu kwanza. Mchezo huu ulizaliwa India, ukapita Uajemi, Waarabu wakauita shatranj, na Kiswahili kikapata sataranji. Mfalme kwa Kiajemi ni shah. Kamusi zetu zinamtaja mfalme wa sataranji kwa jina la shaha, na neno hilo hilo tunampa mshairi bingwa, shaha wa malenga. Hata hiyo chekimeti wanayoitamka vijana asili yake ni shah mat, yaani mfalme hana pa kwenda. Kwa hiyo mgeni huyu alikwisha kubisha hodi Uswahilini zamani sana. Tumkaribishe tu.

Leo nina mambo matatu. La kwanza, kwa nini mtu anayejua drafti anaweza kuumia sana akianza chesi. La pili, misingi ya mchezo wenyewe. La tatu, namna ya kujifunza kwa simu bila simu kukupotosha. Narudia: drafti, misingi, na simu. Lakini yote matatu yatazunguka swali moja nililolisikia kijiweni, na ningependa ulale nalo usiku wa leo.

Nawasimulia. Kuna kijiwe cha kahawa Ngarenaro ambako huwa napita jioni. Pale kuna kijana wa bodaboda, fundi wa drafti. Akikaa kwenye ubao, wazee wenyewe wanavuta viti. Jioni moja nikamkuta kainama kwenye simu, uso umekunjamana. Anacheza chesi ya mtandaoni. Alikuwa amefungwa michezo kumi na moja mfululizo. Akaniambia, "Mkubwa, huu mchezo umenikataa."

Pembeni yake alikaa mzee mmoja, kikombe mkononi. Mzee huyo hajawahi kucheza chesi maishani mwake, ila drafti ameicheza tangu ujana. Akachungulia simu. Kijana alikuwa amekula farasi wa mwenzake, na hatua moja baadaye akapoteza malkia. Mzee akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, huyo farasi, kakupa au umemnyang'anya?"

Kijana akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Kwa sababu ndani ya swali lile, wasikilizaji wangu, kulikuwa na somo zima.

Tuingie jambo la kwanza: drafti na chesi.

Ubao ni ule ule. Drafti yetu inachezwa kwenye ubao wa vyumba nane kwa nane, jumla 64, na sataranji pia ni vyumba 64. Tofauti ni kwamba kete za drafti zinatembelea nusu tu ya vyumba hivyo, vyumba vya rangi moja, wakati sataranji inatumia vyote. Kwenye drafti una kete 12. Kwenye chesi una 16. Kwenye drafti kete ikifika mwisho inakuwa kingi. Kwenye chesi kitunda, yaani yule askari mdogo wa mbele, akifika mwisho anaweza kugeuka malkia. Unaona? Mcheza drafti haanzi sifuri. Jicho la kuona hatua mbili tatu mbele analo tayari.

Basi anaumia wapi? Anaumia kwenye kula. Kwenye drafti, kula ni lazima. Mwenzako akikulisha, huna hiari, utakula, na ndiyo maana mafundi wa drafti wanakulisha kete moja ili wakufagie tatu. Mkono wa mcheza drafti umezoea hivyo: kinacholika, huliwa. Kwenye chesi sheria hiyo haipo. Kula ni hiari yako. Farasi anaweza kusimama mbele yako, peke yake, hana mlinzi, na wewe ukaamua kumwacha.

Hapo ndipo kijana wetu alipokuwa anapotea. Alihamia mchezo mpya na mkono wa zamani. Kila alichokiona kinalika, alikula. Na huko mtandaoni kulikuwa na mtu, pengine Manila, pengine Mombasa, anayemlisha kama kuku anayefuata mtama hadi ndani ya tenga.

Kuna tofauti ya pili, nayo inawaliza wengi. Kwenye drafti, ukimbana mwenzako akakosa pa kusogea, umeshinda. Kwenye chesi, kama zamu ni yake, mfalme wake hashambuliwi, lakini hana hatua hata moja halali ya kucheza, mchezo unaisha sare. Hakuna mshindi! Wangapi wamebaki na malkia mzima, mwenzao kabaki na mfalme mtupu, halafu kwa pupa wakamfungia kila mlango na kuambulia sare? Mcheza drafti anafurahi anapombana mtu. Mcheza chesi anajiuliza kwanza: huyu nimemshika, au nimemzibia njia tu?

Kwa hiyo shika hili: drafti imekupa macho. Sasa uongeze hiari. Na swali la hiari ni lile la mzee: kakupa, au umemnyang'anya?

Sasa jambo la pili, misingi. Kama una karatasi karibu, chukua. Kama unaendesha gari, endelea na barabara, mengine utamuuliza mwenzio.

Weka ubao ili kila mchezaji awe na chumba cheupe kwenye kona ya mkono wake wa kulia. Mstari wa nyuma, pembeni kabisa, huku na huku, simamisha ngome. Kando ya ngome, farasi. Kando ya farasi, askofu. Katikati vinabaki vyumba viwili, kimoja cha malkia na kimoja cha mfalme. Malkia anakaa kwenye rangi yake: malkia mweupe chumba cheupe, malkia mweusi chumba cheusi. Mbele yao wote panga vitunda vinane.

Wanatembeaje? Ngome inakwenda moja kwa moja, mbele, nyuma na pembeni. Askofu anakwenda kimshazari. Malkia anafanya kazi ya wote wawili, ndiyo maana ni wa thamani kuliko wote wanaoweza kuliwa. Mfalme anasogea chumba kimoja kimoja, upande wowote. Farasi ana mwendo wake: vyumba viwili moja kwa moja, kisha kimoja kwa pembeni, na yeye peke yake ndiye anayeruka juu ya wengine. Kitunda kinasonga mbele chumba kimoja, au viwili kikiwa ndiyo kwanza kinaondoka nyumbani. Kinakula kimshazari, na hakirudi nyuma kamwe.

Na shabaha ni nini? Shabaha ni mfalme. Mfalme haliwi. Anashambuliwa, na akishambuliwa tunasema cheki. Akiwa hana pa kukimbilia, hana wa kumkinga, na mshambuliaji hawezi kuliwa, hiyo ndiyo chekimeti. Unaweza kuwa umekula nusu ya jeshi la mwenzako ukafungwa. Hiki si mchezo wa kuhesabu marundo.

Hata hivyo thamani zipo, na ni nyepesi. Kitunda hesabu moja. Farasi na askofu, tatu tatu. Ngome, tano. Malkia, tisa. Wafugaji wa huku kwetu hawahitaji maelezo marefu hapo. Nani anapeleka ng'ombe mnadani akarudi na kuku, akasema amefanya biashara?

Na mwanzo wa mchezo nikupe mambo matatu tu. Moja, sukuma kitunda cha katikati, kwa sababu mwenye katikati ana njia kila upande. Mbili, watoe farasi na maaskofu wako mapema, usiwaache wamelala nyumbani huku malkia anazurura peke yake. Tatu, mfiche mfalme. Kuna hatua moja ya pekee ambapo mfalme anasogea vyumba viwili kuelekea ngome, na ngome inamruka na kusimama ubavuni pake, mradi wote wawili hawajawahi kusogea, katikati yao hakuna mtu, na mfalme hashambuliwi pale alipo, anapopita wala anapofikia. Katikati, watoe, mfiche. Sema nami: katikati, watoe, mfiche.

Sasa niwaambie mtego unaowakamata wanaoanza karibu wote. Mweupe anasukuma kitunda cha mbele ya mfalme. Anamtoa askofu. Anamtoa malkia hadi ukingoni mwa ubao. Wewe mweusi unamwona malkia amekaa wazi, unachekelea, unamtoa farasi wako ili umtishe. Umeangalia unachotaka kula. Hujaangalia yeye amekuja kufanya nini. Malkia anashuka, anakula kile kitunda kilicho mbele ya askofu wako wa upande wa mfalme, kitunda ambacho mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake. Mfalme hawezi kumla malkia, kwa sababu askofu mweupe anamlinda kutoka mbali. Chekimeti. Hatua nne, mchezo umekwisha, chai bado ya moto.

Dawa yake? Ulipomwona malkia ukingoni, ungesukuma chumba kimoja tu kile kitunda kilicho mbele ya farasi wako wa upande wa mfalme. Kinamzibia njia, na kinamtisha aondoke. Hatua ndogo, haina mbwembwe, lakini inatoka kwa mtu aliyejiuliza kwanza: huyu malkia amekuja kwangu kufanya nini?

Tumefika jambo la tatu, simu.

Nianze na sifa, maana zipo kweli. Zamani kama hukuwa na mtu wa kukufundisha, hukuwa na mchezo. Leo ukiwa Sakina, Usa River au kule juu Nkoaranga, simu yako inakupa mpinzani saa yoyote. Kuna Chess.com, iliyofunguliwa mwaka 2007. Kuna Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Hii ya pili ni bure kabisa, haina matangazo ya biashara, na mafumbo ya kujifunzia unayapata bila kulipa. Na bando lako halitaumia sana, kwa sababu kinachosafiri ni hatua tu, herufi na namba chache, si video.

Mtandao ukikatika, usikate tamaa. Mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani na korona, mataifa yalicheza olimpiki ya sataranji mtandaoni. Siku ya fainali, India na Urusi, wachezaji wawili wa India walipotea hewani katikati ya mchezo kwa hitilafu ya intaneti. Mwishowe FIDE iliamua nchi zote mbili zigawane ubingwa. Kama yalitokea kwenye fainali ya dunia, yakikupata wewe Ngaramtoni yachukulie hivyo hivyo, kisha anza mchezo mwingine.

Lakini sasa nisikilizeni. Simu inakupa mpinzani. Haikupi mwalimu kwa kukupa mpinzani. Kijana wetu wa Ngarenaro alikuwa anacheza michezo ya dakika moja moja. Dakika moja kwa mchezo mzima! Mtu anayejifunza kuendesha pikipiki humpeleki barabara kuu ya Moshi jioni magari yakiwa yamefurika. Unampeleka uwanjani. Kwa anayeanza, uwanja ni mchezo wa dakika kumi au kumi na tano kwa kila mchezaji, au zaidi. Muda wa kuuliza swali la mzee lazima uwepo.

Pili, ukifungwa, usibonyeze hapo hapo kuanza mwingine. Hasira hiyo ndiyo inayozaa vipigo kumi na moja. Programu hizi zinakuruhusu kuurudia mchezo wako hatua kwa hatua. Rudi, tafuta mahali pamoja tu ulipokosea. Pamoja tu. Jiambie kwa sauti, "Hapa nililishwa." Kisha ndipo ucheze tena.

Tatu, usiogope namba. Ukijiandikisha Lichess, akaunti mpya inaanzia kiwango cha 1500, na wanaoanza wengi hushuka haraka. Mtu anaona namba inaporomoka, anadhani ni mjinga. Hapana. Namba inashuka ili ikutafutie mwenzako wa kulingana naye. Ukimpata, mchezo ndipo unapoanza kuwa mtamu.

Na kwa wazazi: mtoto akijiandikisha, asitumie jina lake kamili wala jina la shule. Huko kuna sehemu ya kuandikiana na watu msiowajua, na Lichess ina mpangilio wa watoto unaoifunga. Uwashe. Pia mwambie asitumie kompyuta kumtafutia hatua. Wanaofanya hivyo hugunduliwa na akaunti zao hufungwa, lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba atashinda bila kujua chochote.

Sasa hebu tuvuke mpaka kidogo twende Uganda. Mnamkumbuka Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa watu wenye kipato cha chini kabisa jijini Kampala? Akiwa mtoto alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto chesi na kuwapa uji. Phiona hakuwa na simu. Aliyemwonyesha namna ya kusogeza kete alikuwa mtoto wa kike mdogo kuliko yeye, jina lake Gloria. Fikiria hilo. Alikubali kufundishwa na mtoto. Mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda kwenye olimpiki ya sataranji kule Urusi, na mwaka 2012 kule Istanbul akapata daraja la kimataifa. Mwaka 2016 maisha yake yakatengenezewa filamu, Queen of Katwe.

Kwa nini nimemtaja? Kwa sababu kabla ya yote hayo alikuwa na mtu aliyekaa mbele yake. Mtu anayeona uso wako, anayejua umechoka, anayekuzuia mkono kabla hujagusa. Simu itakuonyesha kosa baada ya kulifanya. Mtu wa kijiweni atakuuliza swali kabla.

Kwa hiyo naomba tusivitenganishe hivi viwili. Chukua mpinzani simuni, chukua mwalimu kijiweni. Na ubao si kisingizio. Ubao wa drafti unao. Kete tengeneza kwa vizibo vya soda: upande mmoja uvilaze chali, mwingine uvifunike, kama tunavyofanya kwenye drafti. Kata vipande vya karatasi, andika M kwa mfalme, L kwa malkia, N kwa ngome, A kwa askofu, F kwa farasi, ubandike. Vitunda viache vitupu. Umemaliza.

Kazi ya wiki hii basi ni hii. Cheza michezo mitatu tu simuni, ya dakika kumi au zaidi. Baada ya kila mmoja, tafuta kosa lako moja. Halafu mchezo wa nne ucheze na mtu, ana kwa ana. Kaka, dada, shangazi, jirani. Na kila unapoona cha kula, kabla kidole hakijagusa, uliza: kakupa, au umemnyang'anya?

Namalizia na kijana wetu. Juzi nimepita pale Ngarenaro. Simu ilikuwa mfukoni. Ubao wa drafti ulikuwa mezani, vizibo vimeandikwa herufi, na aliyekaa upande wa pili ni yule mzee. Kijana anamfundisha. Nilisimama nikatazama. Kijana akasukuma kitunda kimoja katikati, wazi kabisa, hakina mlinzi. Farasi wa mzee angeweza kukila. Mzee alinyoosha mkono, akaurudisha. Akanywa kahawa. Akaangalia ubao kona hii na kona ile, muda mrefu, hata wateja wawili wa bodaboda wakamwita kijana na kijana akawaambia wasubiri.

Mwishowe mzee akasema, "Hiki umenipa." Akakiacha pale pale, akamtoa askofu wake.

Kijana akacheka kwa furaha, akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Cheza, zamu yako."

Wasikilizaji wapendwa, zamu ni yenu. Nawatakia jioni njema, na mjifunike vizuri, baridi ya mlima haina masihara.